Kichwa Juu, Kichwa Chini

Nyuma ya nyumba ninayopanga hapa Kalokol inapita laga, mkondo wa mchanga unaopata maji siku mbili tatu kwa mwaka na siku zilizobaki ni njia ya mbuzi. Ng'ambo yake kumeota vichaka vya mathenge, na katikati ya mathenge kuna mikoma michache iliyoinamishwa na upepo wa ziwani. Chini ya mikoma hiyo waliishi digidigi wawili, dume na jike. Digidigi si wanyama wa makundi. Hukaa wawili wawili mahali pamoja miaka na miaka, mpaka wao wameuweka kwa malundo ya mavi na kwa utomvu mweusi wanaoupaka kwenye ncha za vijiti kutoka kwenye tezi iliyo mbele ya jicho. Majirani zangu wa kibinadamu wamebadilika mara nne tangu nihamie. Wale wawili hawakubadilika.

Mwaka wa kwanza sikuwahi kumkaribia hata mmoja. Mlango wangu wa nyuma ni wa bati na haujui kufunguka kimya. Nikiusukuma alfajiri naiona pua ile ndefu ikichezacheza kuelekea kwangu, masikio yamesimama wima, kisha mruko, kisha mlio wa puani kama filimbi iliyoingia mchanga, na mathenge yamejifunga. Nikaacha kuufungua. Nikawa nachungulia kwenye tundu la msumari, chai mkononi, nikihesabu kimoyomoyo. Kichwa chini: moja, mbili, tatu, nne. Kichwa juu: anatafuna, masikio yanazunguka kila moja kivyake, macho yale makubwa yaliyotokeza pembeni yanakusanya mbele na nyuma kwa pamoja. Kichwa chini tena: moja, mbili, tatu. Mara chache sana nilifika sita.

Septemba 2022 yule jike alivuka laga mchana kweupe, akaja hadi pale tunapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Palikuwa na maganda ya mathenge yaliyofagiliwa kwa ajili ya mbuzi. Akashusha kichwa. Nilihesabu hadi ishirini, nikafika thelathini, na kichwa bado kiko chini. Watoto wa ploti walikuwa hatua tano kutoka kwake. "Amezoea watu," wakasema, na mimi nikakubali, tena kwa furaha. Nikampiga picha kwa simu, nikawatumia jamaa zangu Kitale: tazameni, huku hata wanyama wa porini wanatujua.

Picha ile ninayo mpaka leo, na ilinichukua miezi kuisoma vizuri. Niliyaona macho na pua, vitu vinavyopendeza. Mbavu sikuziona, ingawa zinahesabika. Manyoya ya mgongoni yamesimama ovyo kama ya mbuzi mgonjwa. Kile nilichokiita mazoea kilikuwa hesabu mpya aliyoifanya yule mnyama, na katika hesabu hiyo mimi, adui wa juzi, nilikuwa nimeshuka bei.

Ninasema hesabu kwa makusudi, kwa sababu tuna methali inayotaka tuamini vingine. Mwenye njaa hana miiko, tunasema, kana kwamba njaa humtoa mtu akili na hofu ikamwacha mtupu. Yeyote aliyemtazama digidigi kwa saa nzima atajua kwamba hofu haikuondoka. Jike yule alipokuwa anakula kwenye maganda, kila mlango wa bati ulipolia ngozi yake ya bega ilitetemeka. Alisikia. Aliogopa. Ila aliendelea kula.

Kula na kulinda si maadui siku zote. Katika miaka ya kawaida mnyama anayekula majani hufanya yote mawili kwa zamu ambazo karibu hazina gharama. Anajaza mdomo huku kichwa kiko chini, kisha anakiinua, na wakati meno yanasaga, macho yako huru. Dakika hizo za kutafuna ni ulinzi wa bure. Angetafuna hata kama asingetazama, basi mbona asitazame? Watu waliopima ulaji wa wanyama wa majani wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kuangaza kwao hupita ndani ya muda huo wa kutafuna, na kwa hiyo haiwapunguzii chakula.

Ukame huvunja mpango huo mahali pasipoonekana. Jani likiwa dogo, tonge ni dogo, na tonge dogo halina utafunaji wa kutosha kuficha ulinzi ndani yake. Sasa kila mara kichwa kinapoinuka, kinainuka na mdomo mtupu. Kutazama, kitu kilichokuwa bure, kumewekewa bei, na bei hiyo inalipwa siku ile ile ambayo mfuko nao umetoboka. Mnyama mkubwa ana akiba ya kulipia kwa muda. Digidigi mwenye kilo nne hana. Miili midogo huchoma chakula haraka kulingana na uzito wake, na ghala la mafuta ni dogo kama la muuza sukari ya kupima. Tembo anaweza kuahirisha njaa yake wiki kadhaa. Digidigi kesho asubuhi atakuwa anadaiwa.

Na upande wa pili wa mizani amekaa mwindaji, naye ana saa yake. Hapa kwetu saa iliyo ndefu kuliko zote ni ya mamba. Mamba mkubwa hukaa miezi bila kula na asipungukiwe na kitu cha maana: damu yake ni ya baridi, mwili wake hauteketezi kuni usiku kucha ili upate joto. Ndiyo maana ninaona tunakosea tunapowafikiria windo na mwindaji kama wapinzani wawili mezani. Mmoja anaweza kungoja na mwingine hawezi. Mengine yote ni nyongeza.

Januari 2023 dume alitoweka. Nilimkuta, au nilikuta kilichobaki, kwenye kona ya laga: kipande cha ngozi, kwato mbili, na mguu mmoja wa nyuma ambao bweha hakuumaliza. Nilikuwa pale nimesimama kama mtu aliyefiwa, jambo la kuchekesha, mzee mmoja mfugaji aliponipita akielekea mjini. Ni mzee ambaye huwa tunakunywa chai pamoja karibu na stendi. Ameshika kiti chake kidogo cha mti, kile wanachokalia wazee wafugaji na kulalia kichwa.

"Ejok, mwalimu. Umepoteza nini?"

"Huyu, mzee. Bweha amemla."

Hakujibu. Aliuchukua ule mguu, akauweka juu ya jiwe, akapiga kwa jiwe lingine mara moja tu, na mfupa ukafunguka kwa urefu. Akanisogezea. Ndani, uboho ulikuwa na rangi ya nyama iliyooshwa mara nyingi, si mweupe, si mwekundu. Ulilegea lakini haukumwagika.

"Mbuzi aliyeshiba, hapa ni mafuta ya Kimbo," akasema, akigusa kwa ukucha. "Aliyekufa kwa njaa, hapa ni maji na damu. Huyu yuko njiani. Bweha amemkuta njiani."

Akaniachia mfupa wangu, akaenda zake.

Sijui kama mzee yule amewahi kufika Serengeti, lakini alichonionyesha kwa jiwe ndicho kilichochapishwa mwaka 1995 na Anthony Sinclair na Peter Arcese baada ya kupasua mifupa ya nyumbu wa Serengeti kwa wingi. Mafuta ya uboho ni akiba ya mwisho ya mwili. Ya chini ya ngozi huisha kwanza, ya kwenye figo yakafuata, na uboho hufunguliwa wakati hakuna ghala lingine. Wakalinganisha makundi matatu: nyumbu walio hai, nyumbu waliouawa na wanyama wakali, na nyumbu waliokufa kwa njaa. Walioliwa walikuwa na uboho mbaya kuliko walio hai, lakini bora kuliko waliokufa kwa njaa. Walikuwa katikati, njiani. Maana yake ni kwamba nyumbu hangoji hadi aishiwe nguvu ndipo simba ampate. Chakula kinapoanza kupungua anaanza kuingia mahali alipopakwepa, penye vichaka na majani marefu ambako bado kuna kitu cha kuchuma, na huko ndiko simba alikolala. Aliuawa na simba kwa sababu alikuwa anaikimbia njaa, na alikuwa bado na mbio za kutosha kuikimbia.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma takwimu za ukame kwa jicho la wasiwasi. Novemba 2022 wizara inayohusika na wanyamapori ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba mwaka huo Kenya ilipoteza kwa ukame nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, tembo 205, nyati 51, punda milia wa Grevy 49 na twiga 12. Hao 49 wa Grevy peke yao ni msiba, maana duniani kote waliobaki porini ni kama 3,000 tu na wengi wao wako kaskazini mwa nchi hii. Lakini hizo ni maiti zilizokutwa, na kati ya zilizokutwa ni zile zilizoandikiwa ukame. Yule dume wangu angeandikwa safu gani? Ngozi imeraruliwa, meno ya bweha yako kwenye mfupa. Mtu mwaminifu mwenye kalamu angeandika: ameliwa. Ukame huua kwa mikono ya wengine na kuacha alama za vidole vyao.

Bweha naye simlaumu. Pengine alikuwa na watoto.

Wataalamu wamebuni njia ya kupima hofu bila kumwuliza mwenye hofu. Joel Brown, Mmarekani, aliieleza mwaka 1988: weka sinia la mchanga uliochanganywa na mbegu, mwache panya wa jangwani aje usiku, asubuhi hesabu mbegu alizoziacha. Mbegu za mwanzo ni rahisi kupata. Kadiri zinavyopungua ndivyo anavyochimbua zaidi kwa faida ndogo, hadi afikie mahali anaposema, hapa haifai tena, roho yangu ni ghali kuliko mbegu hii. Sinia lililowekwa kwenye uwazi, penye bundi, huachwa na makombo mengi. Lililo chini ya kichaka huachwa na machache. Mimi napenda kipimo hiki kwa sababu kina adabu: kinasoma sahani. Na sahani ya mwenye njaa inajulikana, hailali na kombo, hata ikiwa imewekwa mbele ya bundi mwenyewe.

Kuna utafiti mwingine ambao ulinigeuza kabisa. Katika Kalahari wanaishi nguchiro wa jamii ile inayosimama kwa miguu miwili, na kikundi kikiwa kinachimbua wadudu mmoja wao hupanda kichuguu au kisiki akawa mlinzi. Kwa muda mrefu watu walimsifu mlinzi huyo kama shujaa anayejinyima chakula kwa ajili ya ndugu. Tim Clutton-Brock na wenzake wakaenda na mayai ya kuchemsha. Waliwalisha baadhi yao, wakangoja. Waliokula yai ndio waliopanda kulinda, na waliporudi chini walipanda tena upesi kuliko kawaida. Matokeo yalitoka mwaka 1999: hakuna zamu iliyopangwa, hakuna sadaka kubwa. Anayelinda ni aliyeshiba. Tumbo likijaa, jambo la busara zaidi analoweza kufanya ni kupanda juu na kutazama, maana aliye juu huona hatari mapema na mara nyingi ndiye wa kwanza kuingia shimoni.

Nilipoyasoma hayo nilimkumbuka afisa mmoja niliyemsikia kwenye baraza ufukweni akiwakemea wavuvi. Mwaka ule watu kadhaa walikuwa wamejeruhiwa na mamba, na yeye alikuja na gari, na shati lililopigwa pasi, akawaambia kwamba wao ni wakaidi, kwamba wameonywa mara ngapi wasiingie majini jioni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekunywa chai na mandazi. Alikuwa mlinzi mzuri, na alikuwa amepanda kichuguu chake. Alichokuwa hakijui ni kwamba kupanda kwenyewe kumelipiwa na yai.

Kalokol ni mji uliozaliwa na njaa, na hili husahaulika kwa sababu ya harufu ya samaki. Waturkana wengi ni wafugaji, na mfugaji wa zamani aliliangalia ziwa kama unavyoangalia ua la mtu mwingine. Samaki alikuwa chakula cha maskini asiye na mbuzi. Kisha ikaja njaa ya 1960 na 1961, ile ambayo wazee waliipa jina Namotor, kwa sababu mifupa ilitoka nje. Kambi ya chakula ikawekwa karibu na Ghuba ya Ferguson, na watu waliopoteza mifugo wakafundishwa kutupa nyavu. Baadaye ikaja Lopiar, kati ya 1979 na 1981, ikafagia tena, na ufuko ukajaa tena. Kwa hiyo kila ukame mkubwa uliwasukuma watu hatua moja zaidi kuelekea majini, na ndani ya maji kulikuwa na yule mwenye saa ndefu. Alistair Graham alipotumwa kuwachunguza mamba wa ziwa hili mwaka 1965 na 1966, akiwa pamoja na Peter Beard aliyepiga picha, aliwaua 500 kwa ajili ya utafiti na bado ziwa likabaki na maelfu.

(Wageni wakija hapa huonyeshwa kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kugandisha samaki jangwani kulidai umeme na maji safi kwa gharama iliyopita thamani ya samaki wenyewe, na ghuba nayo ikaanza kukauka. Majengo yakageuka ghala la samaki wakavu. Kila anayeandika kuhusu Kalokol huandika habari za kiwanda hicho, nami nimeshaandika, tuendelee.)

Ukitaka kuona hesabu ya digidigi ikifanywa na binadamu, nenda ufukweni Long'ech jioni. Ziwa limepanda miaka hii, limemeza makuti na vibanda, na mamba wamekuja na maji yao hadi mahali ambapo zamani palikuwa uwanja. Nilimtazama msichana wa miaka kumi hivi aliyekuja kuteka maji. Alisimama mbali na ukingo. Aliokota mawe matatu, akatupa la kwanza kushoto, la pili kulia, la tatu mbele, akasubiri miduara itulie. Kisha akaingia hadi magotini, kwa sababu ukingoni maji ni tope na mama yake angemrudisha. Jerikeni ya lita 10 hujaa polepole kwa kuwa mdomo wake ni mdogo. Muda wote huo uso wake ulikuwa juu, anatazama maji, mkono peke yake unafanya kazi chini. Nilihesabu. Jerikeni ilipobakiza kidogo kujaa, alitoka. Yale maji yaliyobaki bila kutekwa, kama lita moja na nusu, yalikuwa ndiyo makombo yake kwenye sinia.

Mdogo wake aliyemfuata hakurusha mawe. Alikuwa na kiu, akainama akanywa kwa viganja vyote viwili.

Huenda tumekuwa tukiinama hivyo katika bonde hili lote tangu zamani. Kutoka Bonde la Turkana yamechimbuliwa mabaki ya mamba aliyepewa jina la kisayansi mwaka 2012, mnyama wa kati ya miaka milioni 2 na milioni 4 iliyopita, ambaye urefu wake ulikisiwa kupita mita 7. Babu zetu wa wakati huo walikuwa wafupi. Walipaswa kunywa. Sidhani kama kuna ziwa lingine ambalo limeshuhudia hesabu hii ikipigwa kwa muda mrefu hivyo.

Isidhaniwe kwamba kushiba kunamaliza tatizo. Kati ya Machi na Mei, tope la ghuba hujaa chamchanga, ndege wadogo wenye uzito wa gramu 20 na kitu, wanaojiandaa kurudi kuzalia kaskazini ya mbali, hadi Siberia. Wanakula kama waliorogwa, kwa sababu safari inahitaji mafuta, na kadiri wanavyonenepa ndivyo wanavyochelewa kunyanyuka. Ndege mzito huondoka ardhini polepole, na kozi anajua. Kwa hiyo mwembamba yuko hatarini kwa kuwa hawezi kuacha kula, na mnene yuko hatarini kwa kuwa amekula. Huko Uskoti, kwenye mlango wa mto wa Tyninghame, ndugu zao wenye miguu myekundu walifuatiliwa majira ya baridi kwa miaka: baridi ikikaza, wanahamia kwenye majani ya ufukweni ambako chakula ni kingi na kipanga anawavizia karibu, na wanaoliwa zaidi ni wadogo wa mwaka ule, waliosukumwa huko na njaa na wakubwa wao. Nchi ya barafu na nchi ya mchanga zimefikia jibu moja bila kuandikiana barua.

Digidigi wa Laikipia wamepata nafuu moja ambayo naihusudu. Wanasikiliza ndege. Kuna ndege wa kijivu mwenye kishungi na tumbo jeupe, anayekaa juu ya miti ya miiba na kulia kwa sauti ya puani kama mpangishaji anayemfukuza mpangaji. Watafiti wa kituo cha Mpala walicheza kwenye spika mlio wake wa hatari, na digidigi wakaacha kula, wakainua vichwa, wakakimbilia vichakani. Walipocheza mlio wa ndege asiyehusika, hawakujali sana. Utafiti huo ulitoka mwaka 2008. Ndege hamjui digidigi wala hamwonyi. Anapiga kelele kwa mambo yake. Lakini kwa mnyama ambaye kila kuinua kichwa kunamgharimu tonge, jicho la kuazima ni chakula.

Hapa Kalokol jicho la kuazima ni simu. Wafugaji waliopeleka mifugo kuelekea mipaka, kule ambako nyasi zimebaki ndefu kwa sababu hakuna anayethubutu kulisha, hupigiana usiku: nani ameonekana, nyayo zimeelekea wapi. Nyasi za mipakani ni sinia lililojaa makombo ya hofu. Mwaka wa mvua hakuna anayezigusa. Mwaka wa ukame unasikia fulani ameingia na ng'ombe wake, na watu mjini wanasema fulani ni shujaa, au fulani ni mjinga, kutegemea kama amerudi. Mzee wa uboho aliniambia kwamba mwanawe alikwenda huko mwishoni mwa 2022. Nilimwuliza kama kijana hakuogopa.

"Aliogopa sana," akasema. "Alitapika siku ya kuondoka. Kisha akafunga kamba, akaondoka."

Mvua ilinyesha mwisho wa Machi 2023. Haikuwa nyingi mwanzoni, ilitosha kuishusha harufu ya vumbi. Ndani ya wiki mbili laga ilikuwa na majani ambayo majina yake siyajui, na mbuzi wakaacha kuja kwenye maganda yetu. Jike hakuja tena pale tunapomwaga maji. Watoto walimwekea ukoko wa ugali kwenye kifuniko cha sufuria, na kunguru wakaula. Mdogo kati yao alikasirika, akasema digidigi ana maringo.

Asubuhi moja ya Mei niliamka mapema, nikasahau tundu langu la msumari, nikausukuma mlango wa bati kwa bega kama mgeni. Ulilia. Sikuona pua, sikuona sikio. Nilisikia tu ile filimbi yenye mchanga, mara mbili, kutoka mbali upande wa mikoma, na jani moja la mathenge lilikuwa bado linatikisika.